Makofi ya Fundi Cherehani

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alikuwa akimsimulia abiria wa kando yake. "Kwenye kikao cha wapangaji, jirani alisema kwa Kiingereza kwamba mlio wa cherehani yangu ni 'nuisance'. Mimi nikapiga makofi."

Mwenzake akakohoa. "Dada, maana yake ni kero."

"Binti yangu kanieleza jana. Leo nataka aniite kero kwa Kiswahili, nimjibu."

"Msamehe tu. Kwa Kiingereza neno linapoa."

"Limepoa kwake. Mimi limeniunguza."

Nilijifanya natazama dirishani, ila upande nilikuwa nimeshachagua.

"Na akikataa kulisema?" mwenzake akauliza.

Basi likasimama. Fundi akainuka, amekumbatia mfuko wake. "Anaoa leo saa nane," akasema, "na suruali yake iko humu."