Mwonjaji wa Mabehewa

Mheshimiwa Meya wa mji wetu. Bwana Meneja Keiper na maofisa wote wa kiwanda chetu cha saruji. Mchungaji, uliyekiombea chakula kwa ufupi uliotufurahisha. Viongozi wa chama cha wafanyakazi. Wenzangu wa reli na wenzangu wa tanuri. Akina mama mliokesha jikoni kwa ajili yetu. Na wewe Verna, mke wangu, unayenikonyeza niache kuchezea vifungo vya koti: nawasalimu nyote. Nadhani sijamruka mtu, isipokuwa mmoja ambaye kiti chake, hiki hapa mstari wa mbele, bado ni kitupu.

Mtanisamehe nikitupa jicho mlangoni. Basi la kutoka Allentown hufika saa nane, na sasa ni saa nane na dakika kumi. Dereva wake tunamjua, hana haraka na maisha.

Niseme ukweli mapema. Mfukoni nina hotuba mbili za kuwaaga leo ninapostaafu. Moja aliniandikia Verna kwa mwandiko wake mzuri, imejaa shukrani, na inakwisha kwa dakika nne. Nyingine niliiandika mwenyewe kule ghalani, na Verna hajaiona. Sijui nitasoma ipi. Kwa hiyo wacha nianze na mambo ambayo hayanitoi jasho.

Bwana Meneja ameyasifu mabehewa mapya ya chuma, na nani atambishia? Unafungua vifuniko juu ya paa, saruji inamiminwa ndani. Behewa likifika linakokwenda, unafungua midomo chini ya tumbo, saruji inashuka yenyewe. Likigoma, unaligonga ubavuni kwa nyundo mpaka litoe. Na kila moja limeandikwa kwa rangi: saruji tu. Mwaka huu wa 1958 kijana anaweza kupakia treni nzima bila kuchafua kola ya shati. Lakini nani kati yenu, vijana mnaocheka huko nyuma, amewahi kusimama ndani ya behewa la mbao, saruji ikiwa kiunoni, mwezi wa saba, milango imefungwa ili upepo usiipeperushe? Nani amepiga chafya akatoa zege?

Sisi tulisafirisha saruji bila mifuko katika mabehewa ya kawaida, yale ya mbao yenye mlango ubavuni. Tulitandika karatasi nzito sakafuni, tukaziba mlango kwa mbao mpaka usawa wa kifua, tukaingiza bomba juu ya zile mbao, na saruji ikamwagika humo kama unga kwenye debe. Kule mwisho wa safari, watu waliingia na mabeleshi wakaitoa.

Shida haikuwa kupakia. Shida ilikuwa kwamba reli haikutuletea behewa la saruji, ilituletea behewa lililokuwa tupu. Wiki iliyopita lilibeba nini? Ngano? Chumvi? Ngozi mbichi za ng'ombe? Karatasi za reli zilisema hivi, sakafu ikasema vile. Ndipo kazi yangu ilipoanzia. Niliingia kabla ya mtu yeyote, nikapitisha kidole kwenye nyufa za mbao, nikakitia mdomoni. Likiwa safi, nilichora duara kwa chaki mlangoni. Likiwa chafu, nilichora msalaba, nalo likarudi kufagiliwa upya.

Basi mtaani hapa sikuwa na jina jingine zaidi ya Mwonjaji. "Wilmer, leo limepikwaje?" "Chumvi imezidi." Siku ya ngozi mbichi waliniuliza kama alikuwa ng'ombe dume au jike, nikawajibu kwamba alikuwa shemeji yao. Tulicheka sana. Nilikuwa kijana, na nilijivunia ulimi wangu kuliko wengine wanavyojivunia misuli.

Mheshimiwa Meya, wewe ni mtu wa duka la viatu, kwa hiyo nikufafanulie jambo ambalo watoto wa hapa hulijua kabla ya kujua kusoma. Chumvi tutaivumilia. Ngano tutaichuja. Lakini sukari, Mheshimiwa, ni adui. Sukari kidogo ikiingia kwenye saruji, zege halishiki. Unamwaga leo, unarudi kesho kutwa, na kidole chako kinazama kama kwenye uji. Kwa hiyo kati ya vyote nilivyovitafuta kwa ulimi huu, hicho ndicho nilichokuwa...

Karibu, mama. Ingia tu. Hapana, si huko nyuma. Kiti chako ni hiki cha mbele. Jamani, mpisheni. Mpisheni na huo mkoba wake, naona unamlemea.

Naomba maji.

Verna, unisamehe. Karatasi yako itabaki mfukoni.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka wa 1934. Wazee hapa wanaukumbuka: kazi haba, na kila aliyekuwa nayo akiishika kwa meno. Aliyefagia mabehewa na kuziba milango alikuwa Ondrej Hudak. Naona mnatazamana. Ndiyo, huyo huyo. Mslovakia, mrefu, mabega ya mtu wa kubeba reli peke yake, na hakuna aliyeziba mlango kama yeye. Mbao zake hazikuvujisha hata chembe. Tena alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi za kuanzisha chama hiki cha wafanyakazi ambacho viongozi wake leo wamekaa hapa na tai zao nzuri. Je, mnajua hilo, waheshimiwa? Sahihi ishirini za kwanza alizificha ndani ya kofia yake.

Asubuhi ile nilikula pai ya molasi. Sisi Wajerumani wa bonde hili hamtuwezi kwa hilo, pai ni chakula cha asubuhi, na ya Verna ndani yake ni molasi, shira nzito ya miwa inayonata kwenye meno mpaka mchana. Nilikula vipande viwili. Nikachelewa. Nikakimbia mpaka njia ya kupakia, nikakuta injini inasubiri na msimamizi anapiga miguu chini. Ondrej alikuwa ndani ya behewa, amepiga magoti.

"Wilmer, hebu njoo uone," aliniambia. "Kuna chembe nyeupe humu kwenye nyufa. Nimefagia mara mbili, bado zinatoka."

Nikapitisha kidole. Nikaonja. Ilikuwa tamu.

"Vipi?" akauliza.

"Tamu. Lakini leo kila kitu ni kitamu, nimekula pai ya Verna."

"Basi sukutua, uonje tena."

"Maji yako wapi? Injini inasubiri, Ondrej. Ni vumbi tu hilo."

"Bwana, sukutua."

Sikusukutua, ndugu zangu. Bomba la maji lilikuwa hatua sitini kutoka pale. Nimezihesabu baadaye mara nyingi, nikiwa peke yangu. Nilichora duara mlangoni, saruji ikamiminwa, treni ikaondoka.

Saruji ile ilikwenda kujenga nguzo ya daraja. Baada ya siku nne msimamizi wa daraja alibonyeza zege kwa kidole gumba, na kidole kikazama. Walibomoa mbao zilizolizunguka, wakachota zege kwa mabeleshi wakalitupa. Mtu hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini barua ilikuja hapa, na meneja wa wakati huo, marehemu sasa, akatuita ofisini, mimi na Ondrej.

Aliniuliza, "Dreisbach, behewa lilikuwa safi?"

Mniangalie. Nataka mniangalie ninapolisema hili. Nilijibu, "Lilikuwa safi."

Ondrej aligeuka akanitazama. Alisubiri. Alidhani nimekosea kutamka, kwamba nitajisahihisha. Nilikuwa na watoto watatu na hofu ya kutosha watu kumi, nikaangalia kalenda ukutani. Ndipo meneja akasema kwamba kama behewa lilikuwa safi, basi sukari ilitiwa baadaye, na aliyelifunga ni nani? Na nani aliyenunua gunia la sukari mwezi uliopita, duka zima likimwona?

Ni kweli lilinunuliwa. Mke wake Zuzana alipika jamu ya matunda ya plamu kila mwaka, wakagawia mtaa wote, na nyumbani kwangu zilikuja chupa tatu. Nilizila. Meneja hakuwa akitafuta sukari, jamani. Alikuwa akitafuta namna ya kumwondoa mtu wa sahihi, na mimi nikampa.

Walimtoa siku hiyo hiyo, na nyumba ya kiwanda wakaitaka kabla ya Jumapili. Alinikuta getini.

"Wilmer. Ulionja?"

"Nilionja."

"Kulikuwa na nini?"

"Vumbi."

"Vumbi tu?"

"Vumbi tu, Ondrej."

"Haya," alisema. Akaondoka na fagio lake, kwa sababu fagio lilikuwa lake mwenyewe, si la kiwanda.

Hakuna kiwanda cha saruji katika bonde hili kilichompokea. Alihamia Ohio, kwenye viwanda vya chuma. Na sisi tuliobaki? Tulitengeneza utani. Mtu akiweka kijiko cha pili cha sukari kwenye kahawa, anaambiwa anahudakisha. Mmesema hivyo hapa leo, kwenye meza ile, wakati wa chakula. Sikukasirika. Nilicheka pamoja nanyi, kama nilivyocheka kwa miaka ishirini na minne, na kila nilipocheka nilijisikia mchafu.

Sasa tazameni ubao huu mlionipa, wa mbao nzuri, herufi za shaba. Unasema: miaka thelathini na tisa, hakuna behewa hata moja lililoharibika. Ni uongo, na uongo huo ni wangu, wala si wa aliyechonga. Nilikuwa mwonjaji mzuri. Naweza kuapa. Lakini mtu mwaminifu kwenye behewa lile alikuwa mwenye fagio.

Bwana Meneja Keiper, usiangalie saa, tafadhali. Hukuwapo wakati huo, na sikulaumu kwa lolote. Lakini ofisini kwako, rafu ya chini, kuna kitabu cha majina ya waliofukuzwa. Nimekisoma. Mstari wake unasema: "Hudak, O., alitia sukari kwa makusudi." Naomba mbele ya Mheshimiwa Meya, mbele ya Mchungaji, na mbele ya chama ambacho mtu huyu alikianzisha kwa kofia yake, mstari huo ukatwe kwa wino, na pembeni liandikwe jina langu. Mpaka hapo ubao huu utabaki mezani. Pensheni yangu ikiguswa, na iguswe. Verna, tutazungumza nyumbani.

Huyu mama aliyeingia anaitwa Margita Hudak. Alikuwa na miaka tisa walipohama. Niliwaandikia barua mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Katika ya pili nilieleza yote niliyoyasema hapa, nikamwomba baba yake aje aketi kwenye kiti hiki, na nikajiambia kwamba kiti kikibaki kitupu nitasoma karatasi ya Verna na kwenda zangu. Nilikuwa nimeshajipa ruhusa ya kuwa mwoga tena. Usingefika, Margita, sasa hivi tungekuwa tunakula keki.

Ndiyo, mama. Simama tu, useme. Jamani, kimya kidogo, sauti yake ni ndogo.

Anasema baba yake yu hai, ana miaka sabini na minane, miguu haimbebi. Anasema barua alisomewa mara mbili, na mara ya pili akaomba taa izimwe. Wapelekeni watoto wale nje, tafadhali, nataka nisikie. Anasema hakutuma neno la msamaha wala la laana. Ametuma hiki.

Ni chupa. Jamu ya plamu. Imefungwa kwa kitambaa na uzi, kama alivyokuwa akifunga Zuzana.

Anasema... rudia, mama. Anasema baba yake ameagiza hivi: "Mwambie Wilmer asukutue kwanza. Halafu aonje mbele za watu, na awaambie ni nini."

Maji haya hapa. Mniwie radhi.

Nimesukutua.

Kifuniko kigumu hiki. Margita, nishikie hapo chini. Sihitaji kijiko. Kazi hii hatukuifanya kwa kijiko.

Ni sukari.

Mmesikia huko nyuma? Ni sukari, Ondrej. Ilikuwa sukari asubuhi ile, nami nililijua hilo kabla kidole hakijatoka mdomoni. Ahsanteni, nyote, kwa kunisubiri.