Mkasi wa Masumbuko na Farasi wa Mbao

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuendesha mitambo ya sinema katika ukumbi wa kituo chetu cha misheni hapa Njombe, Mzee Masumbuko Mlowe anastaafu tarehe 30 Juni. Nilikuwa nimeshamaliza wasifu wake, wenye vichekesho tele. Nimelazimika kuuandika upya, na mpaka sasa sijatulia.

Alikuja kutoka Makambako akiwa fundi redio. Umeme ukikatika katikati ya picha, alitoka chumbani mwake akatusimulia kilichobaki, Kiswahili na Kibena vikipishana, na wengi tuliomba umeme usirudi.

Kila mwaka wanafunzi wa shule yetu walidai filamu ileile ya zamani, isiyo na rangi. Msichana na baba yake wanakimbia vita, naye amekumbatia farasi wa mbao. Baridi inazidi, analala. Asubuhi jua linawaka na filamu inaisha. Mwalimu Laurenti aliwafundisha kwamba farasi yule ni ishara ya utoto ambao vita haviwezi kuupora. Sote tuliamini hivyo.

Mwezi Mei mtambo wa zamani ulikufa, tukaletewa nakala mpya ya filamu hiyo, ya kuonyeshwa kwa kompyuta. Tukaitazama kwa ajili ya kumuaga Masumbuko. Msichana akalala. Kisha tukaona tusichowahi kukiona: baba anamchukua yule farasi, anampasua kwa shoka, anamtia motoni ili mwanawe asife kwa baridi.

"Kipande hiki kilikuwa wapi siku zote?" Mwalimu Laurenti aliuliza.

"Nilikikata mimi," Masumbuko alijibu.

Akaeleza. Mwaka wake wa pili kazini alifiwa na mkewe. Jioni moja alikuwa akiujaribu mkanda wa filamu hiyo, binti yake Prisila, mtoto wa chekechea, akiwa pembeni yake. Kesho yake alfajiri alimkuta jikoni. Mdoli wa gunzi aliotengenezewa na mama yake ulikuwa unateketea kati ya mafiga.

"Aliniambia, 'Baba, ulikuwa unatetemeka.' Nikachukua mkasi. Sikutaka mtoto mwingine aone na kuiga."

Mwalimu Laurenti alivua miwani. "Basi nimefundisha ishara isiyokuwepo."

Prisila, ambaye sasa ni muuguzi huko Igwachanya, alisimama kutoka safu ya mbele. "Ishara ipo, Mwalimu, ila siyo hiyo. Mimi ule mdoli sijawahi kuulilia. Baba aliacha kutetemeka."

Masumbuko aliketi, akajifunika uso kwa kofia. Hakuna aliyejua pa kutazama. Alipoinuka, alituomba jambo moja tu: kuanzia sasa filamu ionyeshwe nzima.

Itaonyeshwa nzima, Mzee wetu. Asante kwa yote uliyotuonyesha, na hata kwa kile ulichotuficha. Rudi Makambako kwa amani, upate afya njema na wajukuu wasiochoka kukuomba hadithi.