Papa Nourdine, Fundi Asiyeamini Moteri Ambayo Hajaifungua

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na moja kwenye garaji yetu ya Kasongo, Papa Nourdine Amisi anastaafu. Aliingia mwaka 1994 kuosha vipuri kwa mazutu, yaani dizeli. Anatoka akiwa fundi mkuu, na mikono bado myeusi. Sabuni ilishindwa zamani.

Siku ya ndoa ya binti yake Louise, jenereta ilikohoa katikati ya wimbo. Alimwachia mkewe koti, akaenda kuitengeneza, akarudi kabla wimbo haujaisha. Katika picha ya familia anatabasamu kuliko bwana harusi, shati limejaa oili.

Lakini kwangu mimi Pitchou, dereva, Papa Nourdine ni mwaka 2019. Jipu, lile gari linalopeleka chanjo Kabambare, lilikuwa linatoa moshi na kukosa nguvu, na wakubwa walitaka kuliuza kama chuma chakavu. Aliomba siku mbili. Alifungua kifuniko cha juu cha moteri, akatuita tuangalie: uchafu mweusi umeganda kama ugali ulioungulia sufuriani. Akamimina dawa ya kusafishia ndani ya oili, akaacha moteri ingurume polepole, kisha akamwaga oili yote na kutia mpya. Tulipochungulia tena, chuma kiling'aa. Moshi ukaisha. Maman Anastasie wa stoo alicheza mbele ya gari, nami nikapakia masanduku ya chanjo nikiimba.

Papa Nourdine akatia ufunguo wa gari mfukoni.

"Uchafu umetoka huku juu," alisema. "Umeenda wapi?"

Nilimwambia umemwagika na oili. Wamama wa Wamaza, kule Kabambare, walikuwa wanangoja na watoto, na barafu ilikuwa inayeyuka. Nilimkasirikia kweli.

"Unikasirikie hapa, Pitchou. Kule porini haiko mutu wa kukasirikia."

Akalala chini ya gari na kufungua karteri, lile bakuli la chini linamokaa oili. Kichujio cha pampu ya oili kilikuwa kimezibwa karibu chote na mabonge yaliyong'oka juu. Oili isingepanda, moteri ingekufa njiani, na chanjo zingeharibika. Maman Anastasie aliacha kucheza. Papa Nourdine hakutusema. Alikisugua kichujio kwa mswaki (wangu, nilikuja kujua baadaye), akafunga, akatia oili, akanipa ufunguo.

Tulifika Wamaza alasiri, barafu imebaki kidogo. Watoto wote walichanjwa, na walilia kwa pamoja kama kwaya. Jipu lile linatembea mpaka leo.

Sasa anakwenda kulima karanga. Mkewe, Maman Léocadie, ameshatuonya tusimpelekee moteri yoyote, lakini hatukuahidi kitu. Papa Nourdine, asante kwa safari zote ulizotuchelewesha. Sisi tuliorudi nyumbani tunakuombea afya, mavuno mengi, na miaka mirefu ya kukaa bila haraka.