Viti Tulivyoazima Siku ya Afisa

Wapendwa, wengi wenu hamjawahi kusikia sauti yangu. Leo nimeandika kwenye daftari, kwa hivyo nikisoma bila kuwaangalia, mnisamehe.

Kibanda cha mama cha kuuzia maembe pale Kyumbi kilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Kodi ikatushinda. Mwenye nyumba akaja na bisibisi, akang'oa mlango, akaenda nao. Akasema mwisho wa mwezi tuhame. Tukatundika shuka. Ndugu zangu, nawaambia, kuoga nyumba ikiwa haina mlango ni kazi.

Chifu akatuambia kuna pesa za serikali za kusaidia familia kabla hazijatupwa nje. Kaunti yenyewe inamlipa mwenye nyumba. Tukikosa hizo, hata makao ya wasio na nyumba yalikuwa yamejaa. Mama akajaza fomu, tukaambiwa afisa atakuja kuona hali yetu.

Sasa sikieni. Mgeni anakuja! Mama akaazima viti vya jirani, vitambaa, thamosi, hata jogoo wa kumchinjia mgeni. Shuka akaitoa, akaweka pazia la maua, ungedhani mlango uko wazi tu nyuma yake. Afisa, mama wa makamo, akala akashiba. Akafunga faili.

"Mama, nyinyi mko sawa. Kuna watu wanalala nje."

"Tunashukuru Mungu," mama akajibu, anatabasamu!

Nikaona nyumba inaenda hivyo. Nikamkimbilia afisa mpaka kwenye gari.

"Madam, hivyo viti si vyetu."

"Ati?"

"Na thamosi. Na mlango ulichukuliwa."

"Na kuku je?"

"Pia kuku."

Alicheka hadi akaegemea gari. Kisha akarudi, akavuta pazia, akaona fremu tupu. Mama aliniangalia vibaya, sitawadanganya.

"Mama," afisa akasema, "nilikuja kuona shida, ukanipa paja la kuku. Ningeandika nini?"

Mama akakaa chini, akalia, akasema yote. Fomu ikapita. Hatukuhama, na sasa mama anauza maembe tena.

Namshukuru chifu, afisa, na jirani yetu ambaye hajawahi kumuulizia jogoo wake.

Najua kuna mtu hapa amejaza hiyo fomu na anangoja kutembelewa. Tafadhali, usiazime kitu. Mpe chai kama iko, halafu umwonyeshe nyumba vile iko.