Kifua cha Spika

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu. Asubuhi hiyo Spika alikuwa amelikalia katikati, kajikunyata, kama mzigo usio na mwenyewe. Spika ndiye mshereheshaji wa mtaa mzima. Sauti yake huingia ukumbini kwanza, yeye akafuata. Kesho yake alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, na aliapa mbele ya wakwe kwamba hakuna mtu mwingine atakayegusa kipaza sauti. Sasa mafua yalishapita, lakini yalimwachia kifua kimejaa. Akikohoa, ungedhani kuna watu wanaburuta kabati chumba cha pili. Na hakitoki kitu. Tulikuwa naye wanne. Mimi, fundi viatu. Fundi Bomba, anayezibua mabomba ya nyumba za watu. Profesa, dereva wa lori la magodoro, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua. Na Shangazi, mwenye birika la kahawa. Spika akatoa chupa mbili mfukoni.

— Hii kanipa shemeji, inalainisha makohozi. Nimeianza leo asubuhi. Hii nyingine nimeikuta kabatini, inazuia kikohozi. Niendelee na ipi?

— Zote! — akasema Profesa bila hata kuziangalia. — Moja inamlegeza adui, nyingine inamziba mdomo. Hiyo ni sayansi.

— Wewe beba magodoro yako, — Fundi Bomba akamkata. — Kifua ni bomba. Bomba likiziba huliwekei dawa kwa kijiko kama mtoto mchanga. Unamimina chupa nzima, unatulia, unasikia gloo!

— Hiyo gloo inatokea wapi? — nikauliza.

— Usiniharakishe. Kwanza tuzibue.

Shangazi akaweka birika chini, akafuta mikono.

— Nyie wote hamna akili. Makohozi ni kama asali iliyokaa sana. Ukiiacha inaganda, ukiitikisa inalegea. Mtikiseni huyu.

— Shangazi, mimi ni baba wa bibi harusi, — Spika akalalamika.

— Basi tutakutikisa kwa heshima.

Profesa akaruka kama kaumwa na siafu.

— Subirini! Godoro likilowa mnalifanyaje? Mnalisimamisha ukutani, maji yashuke yenyewe. Mgeuzeni kichwa chini!

Sijui tulikubaliana saa ngapi. Najua tu kwamba baada ya muda mfupi Spika alikuwa chali kwenye benchi langu, miguu juu ukutani, kichwa kinaning'inia, tai imemfunika uso. Profesa kashika mguu wa kulia, mimi wa kushoto. Shangazi anampigapiga kifua kama anayekung'uta zulia. Fundi Bomba kapiga magoti na chupa ya shemeji, kifuniko keshakitupa.

— Fungua mdomo, kaka.

— Kichwa chini? Si itatokea puani?

— Ndiyo itajua njia zote!

Tulikuwa tunacheka mpaka machozi, Spika mwenyewe akicheka na kuburuta makabati yake, tuliposikia sauti ya kike nyuma yetu.

— Shikamooni.

Alikuwa binti yake. Nywele zimesukwa upande mmoja tu, upande wa pili zimesimama. Alikuwa ametoka mbio saluni baada ya kuambiwa tunamtibu baba yake.

— Marahaba, mama, — Spika akaitikia kutoka chini.

— Baba, umewaambia una vidonda vya tumbo?

Fundi Bomba akashusha chupa taratibu. Mimi na Profesa tukaishusha miguu kama watu wanaorudisha kitu cha wizi.

— Vidonda gani? — Shangazi akauliza.

— Ni vya zamani, — Spika akanong'ona.

— Vya mwaka jana, baba. Ulitapika damu. Nililala kwenye kiti cha hospitali nikiomba uamke tu, uje unione naolewa. — Akamwinamia. — Tumbo linakuuma sasa hivi?

Spika akaangalia viatu vyake.

— Linaunguza kidogo. Tangu ninywe ile ya asubuhi.

Kicheko kikatuishia. Tukaenda duka la dawa sote, tukajazana mbele ya kaunta. Mfamasia alikuwa mama mwenye miwani. Alisoma karatasi za chupa zote mbili, akamuuliza Spika kama ametapika damu tena, kama choo ni cheusi, kama pumzi inambana. Hapana, hapana, hapana.

— Nashukuru. Hii ya kulainisha huyafanya makohozi yawe mepesi ili uyakohoe yatoke. Ukichanganya na ya kuzuia kikohozi, unayalegeza halafu unayafungia ndani.

Profesa akaanza kuchunguza dari.

— Na mtu akiongeza kipimo? — Fundi Bomba akauliza kwa sauti ya mgonjwa.

— Anavuruga tumbo, kifua kinabaki vilevile. Unafuata kipimo cha kwenye karatasi, tena kwa kijiko chake, si kwa mdomo wa chupa. Na dawa za aina hii zinaweza kuchokoza tumbo lenye vidonda. Shemeji yako zilimfaa kwa sababu tumbo ni la shemeji yako. Usinywe tena. Nenda zahanati sasa hivi.

Daktari alimsikiliza kifua, akamwambia mapafu ni mazima, akampa dawa ya tumbo. Anywe maji ya kutosha, apumzishe sauti. Pumzi ikibana, homa ikipanda, akiona damu, au kikohozi kikipita wiki tatu, arudi.

— Na kesho nitasherehesha? — Spika akauliza.

— Kesho utakaa.

Alitoka pale kama mtu aliyenyang'anywa jina.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Spika alikaa mbele, suti imenyooka, midomo imefungwa, macho mekundu kwa huzuni. Ndipo bibi harusi akainuka mwenyewe, akachukua kipaza sauti.

— Mabibi na mabwana, tangu azaliwe, baba yangu hajawahi kunyamazishwa na mtu. Mama alijaribu, Mungu ni shahidi. Leo daktari kaweza. Basi nitamsemea mimi: karibuni sana, na baba anawapenda wote, isipokuwa waliokuja kwa ajili ya chakula tu.

Ile sauti! Ya baba yake kabisa, imevaa gauni. Ukumbi ukalipuka. Spika akacheka akajishika mbavu, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaburuta kabati, kikaburuta tena, na safari hii kabati likatoka. Akaweka leso mdomoni. Akaichungulia. Akavuta pumzi ndefu, safi, mpaka mabega yakapanda, akatugeukia na kuinua kidole gumba.

Mimi, Profesa, Fundi Bomba na Shangazi tukaruka juu ya viti, tukapiga makofi na vigelegele kama wendawazimu. Watu wote wakadhani tunamshangilia bwana harusi, wakasimama nao. Maskini kijana wa watu, akaweka mkono kifuani, akainama, akatushukuru.