Mikono Juu, Rudi Nyuma: Tunamkumbuka Bibi Verdell Tolliver

Wasikilizaji wapendwa, kila Alhamisi nikifungua kipindi hiki huwa nawaambia shikeni kofia zenu. Leo hapana. Leo zivueni. Kama uko zizini, kama uko jikoni, kama umekwama ndani ya gari unasubiri treni ya nafaka ipite, vua kofia uiweke hapo pembeni.

Bibi Verdell Tolliver ametutoka. Ametutoka Jumanne asubuhi, nyumbani kwake hapa Cane Fork, kitandani kwake, dirisha likiwa wazi na farasi wakisikika nje. Alikuwa na miaka sabini na minane. Mazishi ni Jumamosi, saa nne asubuhi, Kanisa la Mlima Sayuni. Nitarudia tena baadaye, maana najua kuna watu muda huu wanatafuta kalamu.

Jamani, simu yangu iko hapa mezani na tangu Jumanne haijapumzika. Mmenitumia sauti, mmenitumia picha, kuna mmoja kanitumia picha ya pengo la jino aliloliacha kwenye uwanja wa Bibi! Na karibu kila ujumbe unaishia na maneno yaleyale. Mikono juu, rudi nyuma.

Sasa kwa nyinyi mliohamia juzi, huyu alikuwa nani?

Alikuwa dereva wa basi la shule. Basi la njano, barabara ya vumbi, na sauti ambayo haikuhitaji honi. Halafu alikuwa ndiye mwanzilishi wa Rodeo ya Watoto ya Cane Fork, yale mashindano ya farasi, kamba na mifugo. Kila Juni, kwenye shamba alilorithi kwa baba yake. Narudia: haikuanzishwa na kaunti, haikuanzishwa na kampuni. Ni dereva wa basi, na mbao za uzio alizoziomba nyumba kwa nyumba.

Kwa nini aliianzisha? Hiyo inaanzia mbali kidogo.

Verdell alipokuwa na miaka kumi alikuwa anajua kurusha kamba kuliko kaka zake wote. Baba yake, Mzee Alonzo, akampakia yeye na farasi, wakaenda kwenye rodeo ya watoto ya upande wa pili wa mto. Siku zile unajua mwenyewe upande wa pili wa mto kulikuwaje kwa watu weusi. Hapakuwa na kibao cha kukukataza. Palikuwa na meza, na nyuma ya meza bwana mmoja mpole. Bwana mpole akasema, pole sana, umri wako tumeshafunga. Mwaka uliofuata wakarudi. Pole sana, kamba ni ya wavulana tu. Mwaka wa tatu wakarudi. Pole sana, kofia hiyo siyo.

Kofia! Kofia ambayo nusu ya watoto mle ndani walikuwa wameivaa!

Verdell alimsimulia bintiye Lanetta jinsi walivyorudi nyumbani siku ile. Farasi nyuma, vumbi tu. Akauliza, "Baba, kwani sheria zao zinaandikwa saa ngapi?"

Mzee Alonzo akasema, "Zinaandikwa wakikuona."

Wasikilizaji wapendwa, mtoto akaliweka neno hilo moyoni, akakua nalo, akaendesha nalo basi. Na siku alipopata uwanja wake mwenyewe, kitu cha kwanza alichokifanya hakikuwa zawadi wala muziki. Aliwapandisha watoto wote juu ya uzio asubuhi, wamekaa kama ndege kwenye waya, akasimama katikati ya uwanja akaziita sheria kwa sauti. Yeye anaita, wao wanaitika. Kama kanisani.

"Shati?"

"Mikono mirefu!"

"Ukipanda kondoo?"

"Kofia ngumu kichwani!"

"Ukizunguka mapipa na farasi, ukaangusha moja?"

"Sekunde tano juu yako!"

"Mzazi?"

Hapo ndipo watoto walipenda, walikuwa wanapiga kelele mpaka mbwa wanabweka. "Nje ya uzioooo!"

"Ukishamfunga mbuzi?"

"Mikono juu! Rudi nyuma!"

"Na mbuzi?"

"Humgusi tena!"

Halafu anamaliza na maneno yake, kila mwaka yaleyale: "Sheria inayosemwa asubuhi ni rafiki yako. Sheria inayotokea mchana ni mwizi." Kisha sala. Kisha kengele.

Na alikuwa hana utani nazo! Bwana Hosea, wewe unayenisikiliza, usibadilishe stesheni. Mwanao alipoanguka kwenye kondoo uliruka uzio, tulikuona. Bibi akakufuata na bendera yake ya uamuzi. "Hosea, una miaka mingapi?" Ukasema thelathini na sita. "Umri huo haupo kwenye mashindano haya. Toka." Uwanja mzima ukacheka, na mtoto wako naye akacheka, huku mdomo umejaa mchanga. Akainuka mwenyewe.

Suala la umri ndiyo usiseme. Uliokuwa nao tarehe moja Januari ndio utakaokuwa nao mpaka Desemba. "Hata ukiota ndevu," alikuwa anasema.

Lakini msidhani alikuwa chuma. Dorsey Pickens, huyu fundi wetu wa kwato za farasi, alipanda kondoo kwake akiwa na miaka mitano. Kondoo alimtupa kabla lango halijafunguka vizuri. Dorsey akakaa chini, akauliza, "Bibi, nimeshinda?" Bibi Verdell akachuchumaa mbele yake, akampangusa uso kwa ile bendera ya uamuzi. "Hujashinda, mwanangu. Lakini hakuna aliyewahi kuanguka haraka hivyo hapa Cane Fork." Dorsey anasema alitembea na sifa hiyo mwaka mzima.

Huyo Dorsey mkumbukeni, maana ndiye ninayemjia.

Mwaka jana kifua cha Bibi kilizidi. Mnamkumbuka na kile kimrija puani, anauvuta mtungi wake wa hewa kama anavuta mbwa mzee. Lanetta akasema, Mama, mwaka huu tuache. Wazee wa kanisa nao wakasema, bila Verdell hakuna rodeo.

Maneno hayo yalimuuma kuliko kifua. Lanetta amenitumia sauti, anasema, "Mama aliniambia, nisikilize Lanetta. Kama bila mimi hakuna rodeo, basi sikujenga kitu. Nilikuwa nakishikilia tu."

Kwa hiyo akamwita Dorsey, akampa bendera. Akamwambia, "Nikishaitoa, nimeitoa." Na Juni ile, kwa mara ya kwanza, Bibi Verdell alikaa nje ya uzio. Kiti cha kukunja, mwavuli, mtungi. Bibi wa mtu tu, kama mabibi wengine. Alitaka kuona kitu kimoja kabla hajaondoka: je, kitasimama bila mkono wake?

Asubuhi Dorsey akaita sheria. Alikuwa amevaa shati jipya, anatoka jasho kama yeye ndiye farasi. Shati? Mikono mirefu! Pipa? Mzazi? Watoto wanaitika vizuri. Ukishamfunga mbuzi? Mikono juu! Rudi nyuma! Na hapohapo, jamani, kipaza sauti kikapiga ule mluzi wake mbaya. Watoto wakaziba masikio, wakacheka, Dorsey akachanganyikiwa. Akaingia moja kwa moja kwenye sala.

Ameruka moja. "Na mbuzi? Humgusi tena." Hajaisema.

Maylene, binti wa Lanetta, alikuwa na miaka kumi. Akashuka kwenye uzio mbio mpaka kwa bibi yake. "Bibi! Dorsey ameruka!"

"Nimesikia."

"Si umwambie!"

"Mimi niko nje ya uzio, mjukuu wangu."

Lanetta anasema alimwangalia mama yake na akamwona anauma mdomo. Alijua kabisa. Angeweza kupiga kelele mara moja tu, kwa sauti ile ya basi. Hakupiga.

Mchana ukafika, kufunga mbuzi, wasichana. Unajua mchezo wenyewe: unakuja na farasi mbio, unaruka, unamlaza mbuzi, unamfunga miguu mitatu, unainua mikono, unarudi nyuma. Fundo likae sekunde sita bila wewe. Likifunguka, huna kitu.

Maylene akaingia. Aisee! Safi kama maji. Akaongoza mpaka akabaki mtu mmoja tu, msichana mgeni anaitwa Quintella, Tella, katokea Red Creek na baba yake, gari bovu, farasi mzuri. Mwaka wao wa kwanza hapa. Tella akaja kama upepo, akaruka, akalaza, akafunga, mikono juu! Haraka kuliko Maylene. Halafu akaona kamba inalegea. Akainama, akaivuta kidogo, akasimama tena, akarudi nyuma. Sekunde sita zikapita. Mbuzi hajatoka.

Wasikilizaji, uwanja ulilipuka. "Kamgusa! Kamgusa tena! Mtoe!" Watu wa Cane Fork wote wanamlilia Maylene wao. Na Tella kasimama pale katikati, anageuza kichwa huku na huku, haelewi amekosa nini. Baba yake yuko langoni, kavua kofia kaishika mkononi.

Dorsey akamwendea. "Hukujua kwamba humgusi tena?"

Tella akasema, "Hukusema asubuhi."

Dorsey anasema bendera ikawa nzito kama nyundo yake ya kazini. Akafanya kile ambacho kila mmoja wetu angefanya. Akavuka uwanja mpaka kwenye uzio, mbele ya kile kiti cha kukunja, watu wote wakasogea ili wasikie.

"Bibi," akasema. "Mimi ndiye niliyesahau. Nifanyeje?"

Bibi Verdell alimwangalia Dorsey. Akamwangalia mjukuu wake, ambaye alikuwa ameganda pale juu ya farasi wake akisubiri neno moja. Akaangalia kule langoni, yule baba na kofia yake mkononi. Akasimama, taratibu, kimrija puani.

Akainua mikono yake yote miwili juu. Akarudi nyuma hatua moja.

Basi. Lanetta anasema aliinuka ili amshike, na mama yake akamkatalia kwa macho.

Dorsey akaelewa. Akageuka, akarudi katikati peke yake. Akachukua kile kipaza sauti kibovu. "Sheria ile ipo, na ni sheria nzuri, na mwakani nitaisema mara mbili. Leo sikuisema. Kosa ni langu, sio la mtoto. Sheria inayotokea mchana ni mwizi. Fundo la Tella limekaa."

Halafu mtu mmoja akapiga makofi, na nimeambiwa alikuwa Bwana Hosea. Halafu wengine. Sio wote. Kuna watu hapa wamenuna mpaka leo na tunawajua.

Maylene alikuja kwa bibi yake analia kwa hasira. "Ungesema neno moja tu, Bibi! Lile bizimu la mkanda la mshindi lilikuwa langu!"

"Najua."

"Wewe ndiye uliyeitunga hiyo sheria!"

"Najua, mjukuu wangu. Njoo ulie hapa, huku upande usio na mrija."

Akalia hapo hapo, mpaka shati la bibi likalowa bega zima.

Maylene ameniambia niseme hivi hewani: "Nilimkasirikia mpaka Julai. Alikuwa ananipikia pai ya pichi na mimi naila huku nimenuna. Siku moja nikamuuliza, Bibi, ulivyoinua mikono ulikuwa unaogopa? Akasema, sana. Mbuzi alikuwa anapiga mateke."

Na jioni ile ya Juni, wakiwa kwenye gari wanarudi, Bibi Verdell aliweka kichwa kwenye kioo, akatabasamu, akasema, "Limekaa." Lanetta alidhani anazungumzia fundo la mbuzi.

Wasikilizaji wapendwa, narudia. Bibi Verdell Tolliver, Jumanne, nyumbani kwake. Mazishi Jumamosi, saa nne asubuhi, Mlima Sayuni. Tukitoka kaburini tunakwenda wote uwanjani. Watoto watapanda juu ya uzio. Tella na baba yake wanakuja kutoka Red Creek, wamepiga simu. Dorsey ataita sheria zote, isipokuwa ile ya mwisho. Ile ataiita Maylene, ameomba mwenyewe. Na Lanetta anasema maua si lazima, ila shati, mikono mirefu.

Dada Lanetta, Maylene, ukoo wote wa Tolliver, na nyinyi nyote mliopanda basi lile la njano, poleni. Poleni sana. Mungu awashike pale ambapo yeye alikuwa anawashika.

Na wewe uliye peke yako hapo na redio yako, jiulize leo. Kuna kitu umekishikilia. Mtoto, kazi, kwaya, shamba. Ukiinua mikono, kitakaa? Kama hakitakaa, bado una muda. Kaza fundo.

Sasa nafanya kitu ambacho redioni hakifanywi. Sitapiga muziki. Nainua mikono yangu kwenye mitambo, narudi nyuma, na tunanyamaza sekunde sita kwa ajili yake.

...

Limekaa, Bibi.