Mfinyanzi Aliyejificha Jikoni Namawala

Kwaru. Kwaru. Kwaru. Ndivyo Digna alivyosikia, giza la alfajiri, juma la kwanza la ndoa yake. Kitu kilikuwa kinasugua kitu jikoni. Akapapasa kitanda, mume hayupo. Wasikilizaji wapendwa, aliwaza lile ambalo bi harusi yeyote angewaza: kuna mwanamke humo.

Alimkuta Evodius peke yake, analainisha chungu kibichi kwa kokoto, udongo hadi viwikoni.

Tunamkumbuka Evodius, mfinyanzi wa Namawala, aliyefariki ghafla Julai hii ya 1998. Narudia, mfinyanzi. Majirani walimjua kwa mpunga tu. Vyungu vilikwenda sokoni Ifakara kwa jina la Digna, maana kijijini ilisemwa mwanamume akigusa udongo, vyungu vyote hupasuka motoni.

Evodius alilelewa kuwili. Mama yake Mndamba, mfinyanzi. Baba yake Msukuma, mfugaji. Kwa mama, udongo ni marufuku kwa mwanamume. Kwa baba, bomani mwake, mwanamke hakamui ng'ombe.

"Baba alipougua, mama alikamua kwa siri miezi miwili," alimweleza mkewe. "Maziwa hayakukatika. Tangu hapo nikiambiwa hii ya kike, hii ya kiume, nauliza nani amejaribu."

Digna alipomzaa Careen, vyungu vipya vilifika sokoni yeye akiwa bado ndani. Bibi Aurelia, mkubwa wa wafinyanzi, akaja kumpa hongera. Akamshika mikono, akazikagua kucha.

"Mzazi wa siku tisa, na vyungu juu. Mbona kucha safi hivi?"

Akacheka peke yake. Toka siku hiyo, chungu cha yeyote kikipasuka, Digna alitazamwa. Alijua wafinyanzi wakigundua, watamfukuza kwenye shimo la kuchimbia udongo, na ndilo lililowalisha.

Miaka sita alinyamaza. Kwenye matanga ya mumewe, Bibi Aurelia akauliza mbele ya akina mama wote: "Mama Careen, leo tuambie. Vyungu vyako anafinyanga nani?"

Digna akainama. Akisema ni vyake, kazi ya marehemu imepotea naye. Akisema kweli, shimo limekwenda.

Pole Digna, pole Careen, poleni ndugu wa pande zote mbili. Kuhusu shimo, akina mama bado hawajaamua. Na wewe uliyebandika chungu jioni hii, jiulize kama kweli unaijua mikono iliyokifinyanga.

Digna mwenyewe ametuomba tuseme Bibi Aurelia alivyojibiwa. Alijibu Careen, pale mkekani:

"Anafinyanga baba."